Keti Kwanza, Ndipo Usalimie

Siku yangu ya kwanza kazini katika nyumba ya wazee, huku Nakuru, Matron alinikuta nimesimama mbele ya bibi kizee mmoja, shosho kama tunavyowaita, mkono nimeshaunyoosha.

"Wewe, keti!"

Nikaketi.

"Haya, sasa msalimie."

Nikadhani ana kiburi. Kwetu Kabazi mgeni husalimia akiwa wima. Kumbe hapo ndipo wazee walipoangukia. Mgeni akisimama mbele yao, nao kwa heshima wanainuka, wanaachilia fremu, kile chuma cha miguu minne cha kutembelea, ili wampe mikono miwili. Adabu iliwavunja nyonga zaidi kuliko sakafu yenye maji.

Wenzangu kazini walihamishwa hadi zahanati za mbali, huko Olkaria. Mimi, mtu wa kupenda kitanda changu, nilihamishwa mara moja tu, kutoka upande wa wanawake kwenda wa wanaume, yaani kuvuka veranda, na bado nililalamika. Nilijua kufunga mkanda wa kuinulia: unamfunga mzee kiunoni, unamshika hapo, si kwapani. Lakini kazi hasa ilikuwa ya masikio. Kiti kikikwaruza, ujue kuna mzee anayeinuka; naruka, chai yangu inamwagika.

Shosho Tabitha alikuwa ameshavunjika nyonga. Daktari alimwonya kwamba akianguka tena, kutembea basi. Naye alitaka kitu kimoja tu: kuingia harusini kwa mjukuu wake kwa miguu yake. Wiki hiyo ya harusi, Askofu akatutembelea na kwaya. Tabitha kuona kanzu, akashika mikono ya kiti, akaanza kuinuka. Nilikuwa mbali, na birika mkononi.

"Askofu, keti!" nikapaaza sauti.

Viti vilijaa wazee, kwa hiyo Askofu akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Tabitha akashuka polepole.

"Msamehe," akamwambia Askofu. "Huyu msichana hakufunzwa kwao."

"Nilimfunza mimi," Matron akasema.

Jumamosi Tabitha aliingia kanisani kwa miguu yake, mimi kando yake, akinisema njia nzima.

Nimestaafu, lakini kutulia kumenishinda. Kiti kikikwaruza kwa jirani, niko mlangoni.

Juzi binti yangu, ambaye siku hizi anafanya kazi ile ile, alikuja kunitembelea. Nikashika mikono ya kiti niinuke. Hakunipa mkono. Alivuta stuli, akaketi, ndipo akasema, "Sasa, mathe."

"Kwani umeniona shosho?"

"Nani amesema? Nimechoka tu kusimama."

Mwongo huyo. Alikuwa ameketi garini safari nzima.