Wiki Tano bila Mkate wa Baba

Hessel Bijlsma alikuwa mwoka mikate mjini Franeker, Uholanzi, kama baba yake. Binti yake Jitske, wa miaka minane, hakujua kutulia: ataanza kufunga kiatu, aone paka, atoke mbio na soksi. Daktari alisema ni ADHD, hali ya mtoto kushindwa kutulia na kumakinika, akamwandikia vidonge. Darasani vilimsaidia, ila vilimkata hamu ya kula, akakonda.

Wateja nao hawakukosa la kusema.

"Hessel, mtoto kakulia kwenye sukari, ulitegemea nini?" alisema Bibi Trijntje, huku akinyoosha mkono apokee mkate wake wa sukari na mdalasini.

Maneno hayo yalimkaa Hessel rohoni. Kwa idhini ya daktari, vidonge vikasimamishwa, na mtaalamu wa lishe akawapa jaribio la wiki tano: wali, nyama ya bata mzinga, kabichi, mapea na maji. Ngano marufuku, maziwa marufuku. Ili mtoto asijione ametengwa, Hessel akala naye hivyohivyo.

Wiki ya pili alimkuta nyuma ya magunia ya unga, shavu limetuna.

"Unakula nini?"

"Hewa."

"Hewa ina ganda?"

Jitske akacheka, kisha akaangua kilio. "Baba, nimechoka na kabichi!"

Hessel akaketi kando yake. "Hata mimi, mwanangu."

Kwa kuwa alikuwa amekula mkate, siku za jaribio zikaanza kuhesabiwa upya.

Jaribio lilipokwisha, fomu ya mwenendo wa Jitske darasani aliyojaza mwalimu haikutofautiana na ile aliyoijaza kabla ya kuanza.

"Wapo watoto wanaobadilika sana," alisema mtaalamu. "Wenu si mmoja wao. Na mkate wako siyo uliomfanya awe hivi."

"Hebu rudia hapo mwisho, mke wangu asikie."

"Nimekaa hapahapa, bwana wee," alisema Ymkje. "Nimesikia."

Hessel alicheka, lakini machozi yalimlengalenga.

Vidonge vikarudi, safari hii na utaratibu mpya: mtoto ashibe kwanza, ndipo ameze, na jioni dawa ikipungua nguvu ale tena. Tangu hapo, kila saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Ymkje husimamia tanuri, Hessel hupanda ghorofani wanakoishi kukaanga mayai na kukata mkate na jibini. Hukaa na Jitske mpaka sahani iwe tupu. Miezi minne baadaye Jitske alikuwa ameongezeka kilo mbili. Mkoba wa shule bado anausahau, karibu kila Jumatatu.