Hodi ya Tatu kwenye Mashine ya Dozi

Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi, mwanangu, nilipoketi mbele ya kompyuta ya zahanati moja pale Ngamiani. Kila nikiikumbuka siku ile, hukumbuka kwanza benchi la wagonjwa lililokuwa nyuma yangu, na mwanzoni mwa benchi Bi Mwanakombo wa Tongoni, amekumbatia kikapu kitupu.

Ulikuwa wakati wa viwanda kufungwa na biashara kufunguliwa. Mimi nilikuwa nimepunguzwa kiwandani. Kazi ya kompyuta nilijifundisha kwa vitabu vya kuazima, na kwa kumwandama Mzee Shekigenda, fundi mstaafu wa mitambo ya simu. Yeye ndiye aliyeiweka mashine ile, akaiendesha kwa mfumo wa Linux kwa sababu haukuhitaji kununuliwa. Ndani yake kulikuwa na programu ndogo ya dozi: jina la mgonjwa, dawa yake, kipimo chake. Nami niliitwa kuweka hifadhidata mpya, kubwa, ya kubeba mambo yote ya zahanati. Msimamizi, Bwana Hemedi, alikuwa akingoja wafadhili saa sita mchana. Aliniambia wazi: wageni wakiikuta inafanya kazi, nitalipwa shilingi elfu arobaini; wasipoikuta, sina changu.

Sasa sikiliza habari ya Bi Mwanakombo, maana ndiyo kiini. Mumewe, Athumani, alikuwa na kifafa. Zamani alikuwa mkwezi. Ugonjwa ulipomshika akaiacha minazi, akawa mfua nazi. Na mfua nazi huinama mchana kutwa juu ya kifuo, chuma chenye ncha iliyotazama juu. Dawa ndiyo iliyomlinda na ncha ile. Mwezi mmoja kabla ya siku ile daktari alimbadilishia kipimo. Sasa daktari alikuwa msibani Pemba, cheti kilikuwa kimelowa mvua hakisomeki, na vidonge vya mwisho vilikuwa vimemezwa jana yake. Kipimo chake kilibaki mahali pamoja tu: katika programu ya dozi.

"Subiri kidogo, mama," Hemedi alimwambia. "Mashine ikishakuwa mpya, utasomewa."

"Nasubiri, baba. Lakini gari la Tongoni halinisubiri mimi."

Nikaanza. Katika Linux, mwanangu, programu hazijitoshelezi. Nyingi hutumia kwa pamoja faili moja, ambalo mafundi huliita maktaba, kama nyumba za mtaa zinavyochota kwenye kisima kimoja. Hifadhidata ikakataa kuingia: ilitaka maktaba mpya, na iliyokuwamo ni ya zamani. Nikaleta maktaba mpya. Mashine ikakataa: ya zamani ilikuwa bado inategemewa. Nikageuza mpangilio, nikajaribu vyote kwa pamoja. Ikakataa tena.

Liko neno moja ambalo fundi akiliongeza mwishoni mwa amri, mashine huacha kubisha ikafanya ulichotaka. Ni neno la kulazimisha. Nilikwisha kuliandika. Kilichobaki ni kubonyeza.

"Fundi gani wewe?" Hemedi alinipigia kelele. "Unaibembeleza mashine kama unaiposa!"

"Anayeposa hupewa mke, Hemedi," ilijibu sauti mlangoni. "Anayevunja mlango hupewa kesi."

Benchi zima likacheka. Alikuwa Mzee Shekigenda, amekuja kuchomwa sindano yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akainama kutazama kioo cha kompyuta. Kicheko kikamtoka usoni.

"Imekukatalia mara ngapi?"

"Mara tatu, Mzee."

"Mtu akibisha hodi nyumbani kwa watu mara tatu, asikaribishwe, hufanyaje?"

"Hurudi."

"Sasa wewe umelelewa wapi, hata uingie kwa bega?"

Nikaondoa kidole kwenye kitufe. Akaendelea taratibu, "Futa neno hilo. Muulize mwenye nyumba: nani anaitegemea maktaba ya zamani?"

Nikaiacha amri yangu ilivyo, nikafungua dirisha la pili, nikauliza. Mashine ikajibu kwa jina moja: programu ya dozi.

Ningebonyeza, hifadhidata ingefunguka ikapendeza mbele ya wageni, na programu ya dozi isingefunguka tena, kwa Athumani wala kwa mgonjwa mwingine yeyote.

Hemedi alielewa upesi. Hakuwa mjinga, alikuwa na haraka. "Basi msomeeni mama huyu kipimo chake," alisema, "kisha lazimisha."

Mzee akasogea kando. Nikajua ananiachia mimi. Nikatazama saa, nikawatazama waliobaki kwenye benchi.

"Na wa kesho, Bwana Hemedi, nitawasomea wapi?"

"Wa kesho hawakulipi wewe!"

Nikalifuta neno lile. Nikafungua programu ya dozi, nikasoma kipimo cha Athumani, muuguzi akahesabu vidonge. Bi Mwanakombo akaviweka kikapuni, akaniombea dua, akatoka mbio kuwahi gari. Wageni walipofika walikuta kioo kilekile cha zamani. Hemedi hakunipa hata nauli.

Kesho yake nilirudi na Mzee bila kuitwa, safari hii tukiwa na siku nzima. Maktaba ya zamani tukaiacha pale pale ilipokuwa. Mpya tukaijengea saraka yake, ndiyo chumba chake cha pembeni, kisha tukaielekeza hifadhidata ichote huko. "Wake wawili," alisema Mzee, "kila mmoja na jiko lake." Ilipofika alasiri, programu zote mbili zilikuwa zikifanya kazi, na Hemedi akatuletea chai, lakini malipo hakuyatoa. Ahadi ilikuwa ya jana.

Mwezi uliofuata Athumani alikuja mwenyewe, na nazi mbili zilizofuliwa vizuri. Nilipozipokea niliitazama mikono yake. Ilikuwa mizima.

Mwanangu, ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Popote utakapokataliwa, iwe na mashine, iwe na mtu, usidhani umefanyiwa ukaidi; huenda mlangoni yuko anayemlinda aliyelala ndani. Uliza kwanza nani anakitegemea kile unachotaka kukiondoa. Kipya kisiingie kwa kuua cha zamani ambacho bado watu wanaishi kwacho; kitafutie mahali pake. Na atakayekuhimiza ulazimishe, mara nyingi siye atakayekaa na maumivu.

Mwenyezi Mungu akupe subira ya kurudi mlangoni bila kinyongo, na akuepushe na mkono mwepesi. Siku ile nilipoteza shilingi elfu arobaini.