Kidole Dirishani

Usiniambie kompyuta haidanganyi. Juzi nilipanga foleni kwenye kituo cha afya pale Mlandege, Iringa, nyuma ya dada mjamzito ambaye kesho yake alikuwa anapasuliwa.

Karani akasoma kioo. "Damu yako kundi B."

"Kaka, mimi ni O tangu kliniki ya kwanza. Mkiniongezea B mtaniua!"

"Mfumo ulikufa jana, dada. Tumeurudisha kutoka kwenye nakala ya akiba, uko safi."

Usafi huo nikautilia shaka. Kidato cha pili sikumaliza, lakini macho ninayo kuliko mafundi wote wa Mbeya: mzee aliyemtangulia alikuwa ameambiwa ana mimba!

Nikadakia, "Bosi, majina yamebaki, taarifa zimeteleza mstari mmoja. Mzee kaandikiwa kundi gani la damu?"

Karani akafungua taarifa za mzee. "O. Lakini mtaalamu aliyeurudisha kasema mfumo uko sawa."

Dada akapenyeza kidole dirishani. "Toboa. Hiki hakijatoka kwenye nakala."

Maabara ikaandika O. Mtaalamu sikumwona, ila natamani kujua alimuuliza nani kama mfumo uko sawa. Au aliuuliza mfumo wenyewe?