Jembe la Siku ya Tatu

Hakuna kazi iliyonichosha kama ile ya kupima kusikiliza. Ulikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa, nami niko ofisi ya maendeleo Kilosa. Mabibi maendeleo walikuwa wamefundishwa kukaa na mtu mwenye shida na kumwacha aseme, bila kumkatiza wala kumhutubia. Bosi akataka kujua kama mafunzo hayo yanasaidia. Jibu langu ndilo lingeamua mafunzo yaendelee au yafe.

Nikafuatana na binti mmoja, bibi maendeleo, hadi kijiji cha karibu na Kimamba, kwa mama aliyefiwa na mume mara tu walipohamia pale. Tangu msiba hakuwa amemtaja marehemu hata kwa ndugu zake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu."

"Habari za hapa?"

"Nzuri tu."

Nzuri, mtu ana msiba! Kisha akainuka kubandika chungu, maana mimi mgeni. Binti akatulia asikilize kama alivyofundishwa. Wa kusikilizwa yuko jikoni anapuliza moto. Nilikasirika, na nikala.

Siku ya pili akachinja kuku. Nikamwomba asijisumbue, akaendelea kunyonyoa. Nilirudi Kilosa nimeshiba, sina la kuandika. Kero tupu.

Siku ya tatu nikakuta jembe limeegemezwa mlangoni. "Ugeni umekwisha," akasema, akanikabidhi. Tukaingia shambani watatu. Huko, mama ameinamia palizi bila kututazama, akaanza kumzungumzia mumewe: nyumba aliyoijenga kule walikotoka, na alivyosusa chakula alipofika huku. Alisema mpaka akalia. Binti hakutia neno. Alipunguza tu mwendo wa jembe lake, wasipitane.

"Sasa ndugu," bosi akaniuliza, "kilichomfungua ni mafunzo au jembe?"

Nikasema sijui, maana vyote vilikuwapo.

"Basi hujapima kitu."

Nilibisha weee, wapi! Mafunzo yakafutwa, binti akapelekwa Kidodi kugawa mbegu.

Baada ya mavuno nilikutana na yule mama Magomeni ya pale pale Kilosa, amekuja kuuza mahindi. Nikamwamkia, akaitikia. Habari zangu hakuuliza.

"Yule mwenzio anayejua kunyamaza," akasema, "mbona mmeninyang'anya?"