Mnyapara aliyemvunja mama mkono kafutiwa dhambi, na kanzu ya ubatizo nimshonee mimi

Wakuu, amani kwenu nyote.

Leo sikuja kutania. Haya yamenifika mwenyewe, na nikiongeza neno Mungu ananiona. Mwenye chungu jikoni akaepue kwanza, maana nikianza sinyamazi.

Mie ni mshonaji wa misheni, hapa Unguja, nje kidogo ya mji. Kazi yangu ni kanzu nyeupe za ubatizo. Kila Kwaresima Padre ananiletea majina, wenyewe wanakuja kupimwa, nnashona, asubuhi ya Pasaka wanavikwa wanabatizwa. Kwetu mtu habatizwi bila kanzu hiyo. Ndiyo desturi.

Mwaka huu katika majina mlikuwa na Feruzi.

Sikushtuka. Akina Feruzi mji huu wamejaa, kila bwana mwenye shamba alikuwa na wake. Kwa asiyejua: tangu serikali itangaze hakuna mtumwa tena, imepita kama miaka kumi. Sisi wa misheni wengi tumetoka huko huko mashambani.

Basi akaja mzee, kofia mkononi. Nikamzungushia utepe kifuani.

"Taratibu, mwanangu," akasema. "Mbavu hizi si za ujana."

Lo! Sauti ile.

Nilikuwa na miaka tisa, shamba la karafuu, njia ya Mkokotoni. Huyu ndiye aliyekuwa mnyapara wetu. Mtumwa kama sisi, kanunuliwa kama sisi, lakini bwana kampa bakora naye kaona kapewa ufalme.

Siku hiyo mama yangu, Bi Faida, alikuwa na homa, na kikapu chake hakikujaa. Feruzi akampiga bakora ya kifundo cha mkono wa kulia. Mfupa ukavunjika, niliusikia. Hakuitwa mganga, hakufungwa hata kitambaa. Kesho yake akapandishwa ngazi achume kwa mkono wa kushoto. Ule mwingine ukajiunga wenyewe, kombo. Mpaka leo hawezi kukamua nguo.

Na mimi sasa nimesimama na utepe, nampima kifua!

Nikajikaza. "Mzee, nini kilichokuleta kwa Mungu?"

Akatabasamu. "Dhambi, mwanangu. Nyingi. Lakini nshatubu kwa Padre, na Mungu kanifutia zote. Siku hizi nnalala usingizi."

Analala usingizi!

Wakuu, niliona giza. Mama yangu mvua ikinyesha hapati usingizi kwa mkono ule, na huyu analala. Kafutiwa. Kamuomba nani ruhusa?

Kanzu niliishona, sikatai. Ila kwapani niliibana makusudi, nami si malaika. Nikaifungia sandukuni, ufunguo nikaupiga fundo kwenye kanga, nikenda kwa Padre.

Padre wetu ni Mzungu mwenye moyo mzuri, sitamsema zaidi ya anavyostahili. Nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwa upole, "Agnesi, huruma ya Mungu haina mpaka. Utamzuilia mtu mlango wa Mungu?"

"Simzuilii mlango, Padre. Nnamzuilia kanzu."

"Mtu huyu ametubu."

"Katubu kwako. Wewe alikuvunja wapi?"

Mie nshaanza, nikaendelea. Si ni yeye anayetufundisha kwamba mtu akipeleka sadaka altareni akakumbuka nduguye ana neno naye, aiache hapo hapo, akapatane naye kwanza? Au hilo ni la watu wengine? Mama yangu yupo Ng'ambo, hapa hapa mjini. Hajafa, hajahama. Huyu kapita mlangoni kwake kuja kutubu kwa Padre!

Maneno yale yakatoka nje, kama mjuavyo misheni hakuna siri. Wenzangu wakanigeuka. "Agnesi, una kinyongo. Acha mambo ya kale. Utajikosesha mbingu kwa ajili ya mkono."

Kwa ajili ya mkono! Mkono wa nani, wenu?

Hili ndilo linalonichoma mpaka leo. Mkosaji akitubu anapigiwa kengele, watu wanatokwa na machozi ya furaha. Aliyekosewa akisema bado naumwa, huyo ndiye mkorofi. Ati mwenye dhambi sasa ni mimi. Ebo!

Padre akamwita Feruzi mbele yangu, akamwambia mimi ni mtoto wa nani. Mzee akakaa sakafuni.

"Kwa nini hukwenda kwake kwanza?" Padre akamuuliza.

"Padre, Mungu simuoni uso," Feruzi akasema. "Bi Faida n'tamuona."

Hasira hazikuniisha, nisiwadanganye. Lakini hilo lilikuwa neno lake la kwanza la kweli. Na Padre, nampa haki yake, akamwambia hakuna maji ya ubatizo mpaka aende Ng'ambo. Ile kanzu hata hakuitaja.

Tukaenda Jumatano, mie mbele, yeye nyuma. Mama ni Muislamu, hakunifuata misheni wala sikumshurutisha. Anauza mikate ya kumimina nje ya nyumba yake. Tukamkuta juu ya mbuzi, anakuna nazi kwa mkono wa kushoto, nusu inamwagika chini.

Feruzi akavua kofia, akapiga magoti mchangani.

"Shikamoo, Bi Faida."

Wakubwa humu mnaujua uzito wake. Kule shambani shikamoo ilikuwa ya mtumwa kwa aliye juu yake, na sisi ndio tuliomwamkia yeye kila alfajiri. Majirani wakaacha kazi zao, wakatazama.

Mama hakuitikia.

"Feruzi."

"Naam."

"Nini kimekuleta?"

"Mkono wako. Nilikuvunja mimi. Nilijua una homa, nikakupiga. Sikuamrishwa na mtu."

Miaka yote mama alikuwa akinambia, labda masikini aliamrishwa. Alimtafutia udhuru yeye mwenyewe, aliyevunjwa! Nikadhani sasa atalia, au atamtukana, nami nshajiandaa kumsaidia matusi.

Wapi. Akainuka juu ya mbuzi, akasema, "Kaa. Nazi hizo hapo, zimebaki tatu."

Mnyapara, juu ya mbuzi, mbele ya wanawake wa mtaa mzima! Akakaa. Akakuna. Mama kasimama pembeni yake. "Usifike kwenye kifuu, utanitia weusi kwenye tui," akamwambia. Akapunguza nguvu.

Alipomaliza, mama akachukua sahani ya nazi. "Kesho uje mapema."

Kesho akaja. Na keshokutwa. Pasaka ilipokaribia nikafungua sanduku, nikafumua kwapani, nikashona upya vizuri. Akabatizwa. Jumatatu yake nikapita Ng'ambo, nikamkuta anakuna.

Basi funzo langu ni hili, na mwenye kupinga apinge. Huruma ya Mungu siikatai, nami nnaishi kwa hiyo hiyo. Lakini isiwe kichaka cha kujifichia uso wa uliyemuumiza. Ukitaka kutubu, njoo kwa Mungu, ila pitia nyumbani kwa mwenye mkono wake. Na nyinyi mnaowahimiza walioumizwa wasamehe upesi upesi ili sherehe iendelee, mnajua wenyewe mnavyokera.

Semeni na nyinyi. Ningempa tu kanzu yake nikanyamaza? Mmeshawahi kuombwa msamaha na mtu ambaye kwa Mungu kashapita? Mkinisema nitawajibu, siwakimbii.

Juzi nilimuuliza mama waziwazi kama kamsamehe yule mzee. Alikuwa anakoroga unga, hakuinua kichwa.

"Mungu ni Mungu, anaweza kwa siku moja," akasema. "Mie ni Faida tu, mwanangu, nnakwenda kidogo kidogo. Mwambie asiache kuja."