Fimbo Kumi na Nane za Gashonga

Védastine alikabidhiwa kikundi cha skauti cha watoto wa mji wa Kamembe, Rwanda, kwa wiki mbili tu. Kiongozi aliyekuwepo alipata kazi Kigali, akamletea filimbi na boksi la kamba, akamwomba ashikilie kidogo hadi apatikane mwingine. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu na huyo mwingine hajapatikana. Mwanawe mwenyewe, aliyemwingiza katika mambo hayo, alishakua na kwenda kusoma Huye, akamwachia mama yake watoto wa watu.

Alikuwa fundi cherehani wa miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Bukavu, upande wa Kongo, ng'ambo ya mto, ambako utotoni aliwahi kuvaa skafu ya skauti. Siku za kazi alishona mapazia na sare za shule sokoni. Jumamosi, mafundi wenzake walipokuwa wakihangaikia nguo za maharusi, yeye alifundisha watoto wa miaka minane hadi kumi na miwili kufunga fundo. Kiongozi wa pili alikuwepo, mwalimu mmoja aitwaye Ladislas, mwenye shati la skauti lililonyooshwa vizuri kuliko yote wilayani. Huyo alionekana siku za kupiga picha.

Safari ya vilima vya Gashonga ilipangwa mwezi mzima. Aliwaandikia wazazi mara tatu: saa moja asubuhi, viatu vya kufunga, maji, chakula cha mchana. Siku ilipofika, watoto wanne walikuja na kandambili, mmoja akaja na suti ya komunyo ya kwanza, na baba mmoja, Papa Mutabazi, akamleta mwanawe saa mbili kasoro robo, akashangaa kwamba gari bado halijaondoka. Ladislas alituma ujumbe kwamba ana mafua.

Gari liliwashusha kando ya barabara, wakapanda kilima hadi kwenye mikaratusi. Védastine akawaeleza kwamba skauti akitembea milimani hushika fimbo ndefu, iliyonyooka, na kwamba kila mmoja ana robo saa ya kutafuta yake. Umwali akanyoosha mkono. Umwali alikuwa na miaka kumi, na tangu washuke garini alikuwa ameshauliza kwa nini ukungu unakaa bondeni, nani alipanda miti hii, na kama nyoka hulala mchana.

"Fimbo ya kutoka wapi?" akauliza.

"Fimbo ni fimbo, Umwali. Enda."

Dakika saba hazijaisha walikuwa wamerudi. Védastine alitazama akaona, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, jambo lililofanywa kama alivyoagiza. Fimbo kumi na nane, zimenyooka, kavu, karibu zote za urefu mmoja. Nyingine zilikuwa zimezungukwa na majani mabichi, akadhani wamezipamba. Umwali peke yake alirudi mikono mitupu. Alipoulizwa, alitazama chini akasema, "Zile ziko na benyewe."

Védastine aliona ni kisingizio. Akasema mbele ya wote kwamba mvivu ndiye atakayebeba sufuria ya kupikia chai hadi juu. Umwali akaichukua sufuria.

Hawajapiga hatua ishirini, akatokea mwanamke wa miaka sitini na zaidi, jembe begani. Jina lake Mukankusi, kama walivyokuja kujua. Hakupaza sauti. Alizitazama fimbo moja moja.

"Mukubwa wa hawa batoto ni nani?"

"Ni mimi, Maman."

"Hizo ni miti ya maharagi yangu."

Ndipo Védastine alipoelewa yale majani. Maharagwe ya kule hupanda juu ya miti, kila shina na mti wake, na haya yalikuwa yanatoa maua. Watoto wa mjini waliona miti mizuri imesimama tayari, wakaing'oa. Akaomba msamaha, akataka kulipa, lakini Mukankusi akakataa.

"Sitaki franga. Franga haisimamishe maharagi. Barudishe kila muti pahali baliutoa."

Kazi hiyo ilikula saa mbili na nusu. Watoto waligombania mashimo, kila mmoja akidai lile ni lake. Mtoto wa Papa Mutabazi alilia kwa sababu ya viatu vyake vyeupe. Mafundo ambayo Védastine alikuwa ameyafundisha miezi mitatu yalikaza mno, yakavunja mashina mawili, hadi Mukankusi alipochukua nyuzi za mgomba mkavu na kuwaonyesha jinsi ya kufunga na kuacha nafasi ya kidole. Kutoka kwake walijifunza kwa dakika tano, jambo ambalo nalo lilimuudhi Védastine.

Alipoinua macho alimwona Umwali mwisho wa mstari, anafunga haraka kama aliyezoea. Bibi yake alilima upande wa pili wa kilima hicho, na kila likizo alikuwa huko. Kwanza Védastine alimkasirikia: kwa nini hakusema wazi? Halafu akakumbuka kwamba alisema, na kwamba kabla ya hapo aliuliza.

Akapuliza filimbi. Kwa kuwa alimwaibisha mbele ya wote, aliona hapana njia nyingine.

"Umwali alisema kweli," akasema. "Mie njo nilikosea."

Watoto hawakujua watazame wapi. Umwali akanyoosha mkono. "Sasa sufuria nani atabeba?"

Aliibeba Védastine, si kwenda juu tena bali kushuka hadi barabarani.

Waliporudi Kamembe, Papa Mutabazi alitaka kujua kama alimpeleka mtoto kwenye skauti au kwenye kulima. Jioni Ladislas, aliyetumiwa picha na mzazi ambaye mwanawe alikwenda na simu, aliziweka kwenye kundi la WhatsApp na kuandika kwamba kikundi chake kimejitolea kuwasaidia wakulima. Védastine aliusoma ujumbe huo mara mbili, akaizima simu, akamalizia pazia la watu kwa mishono ya hasira ambayo kesho yake ilibidi aifumue.

Jumatano Mukankusi alimpigia simu, kwa namba aliyomwachia shambani. Mashina kumi na moja yalikauka, mengine yalishika, lakini mstari mmoja umelala tena na mgongo wake unauma. Hakuomba. Alieleza tu. Védastine alitaka kusema ana kazi nyingi, na kweli alikuwa nazo.

Jumamosi walikwenda naye Gashonga watoto kumi na wawili. Kabla ya mwinuko wa kwanza Umwali alikuwa ameuliza maswali tisa. Védastine alijibu sita, kwa uangalifu, kisha akamwomba anyamaze kidogo hadi pumzi imrudie.