Mkwaju wa Bakulini

Mtoto wa kwanza wa Chausiku alizaliwa amekufa, na tangu uzazi ule miguu ya Chausiku haikuinuka tena. Mumewe, Sabiti, alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Jivraji, Shinyanga mjini, miaka michache baada ya reli kufika Mwanza. Kila asubuhi alimwosha mkewe, akamgeuza upande wa dirisha, akaenda kazini. Dirisha lenyewe lilitazama ukuta wa udongo wa nyumba ya pili.

"Macho yangu yamechoka na udongo," Chausiku alimwambia siku moja. "Kwetu Tabora ukifungua dirisha tu unaona majani."

Sabiti hakuwahi kupanda hata kunde. Na Shinyanga wakati ule ilikuwa uwanja mtupu. Watu walikuwa wamefyekeshwa mapori ili mbung'o wahame, na vichaka vilivyosalia vilikuwa vikavu kabla kiangazi hakijafika katikati. Lakini kumletea mkewe jani moja la kutazama aliona analiweza. Miguu hakuweza kumrudishia.

Alianza na rehani, mmea ule wa kunukia, ndani ya kopo la samli. Aliimwagilia asubuhi na jioni kwa mapenzi yote, ikaoza. Zipora, jirani Msukuma aliyekuwa akija mchana kumgeuza Chausiku na kumpa maji, alilinusa lile kopo akakunja uso.

"Shemeji, umeizamisha. Kopo halina tundu, maji yatoke wapi?"

Sabiti akatoboa matundu kwa msumari. Rehani ya pili ikakauka. Akaomba kitawi cha waridi kwa mtunza bustani wa stesheni; kilichipua majani mawili, kikasimama hivyo hivyo mpaka kikawa kijiti. Mama mkwe alituma asumini kutoka Tabora kwa treni, mizizi imefungwa kwenye gunia bichi. Hiyo ilitoa ua moja, na Chausiku alilala na ua lile chini ya mto. Kisha mbuzi wa Zipora akaingia mlango ukiwa wazi, akaitafuna yote. Zipora alikuja kuomba radhi huku analia, na Chausiku akawa ndiye wa kumbembeleza.

Mwanzoni Chausiku alikuwa akicheka. "Leo tunazika nani?" aliuliza kila mumewe alipotoka na kopo. Baada ya asumini hakuuliza tena. Alisema tu, "Toa hiyo, bwana. Usiniwekee maiti dirishani."

Ndipo siku moja, yeye na Jivraji wakifungua majora ya kitambaa cha Kijapani, Sabiti akaona picha iliyobandikwa juu yake: mti mzee, shina limepinda, umeota ndani ya bakuli.

"Huu umechorwa tu," alisema.

"Miti hiyo ipo kweli," Jivraji akamjibu. "Kaka yangu aliona mmoja Mombasa, kwa nahodha wa meli. Mti mzee kama babu, unakaa mezani. Wanaukata mizizi, wanaufunga matawi, basi haukui."

"Na haufi?"

"Hilo sijui mimi. Mimi nauza kitambaa."

Mti usiotoka nje, usiokua, usiokufa! Sabiti alikwenda mtoni akang'oa mche wa mkwaju. Akaukata mizizi kwa mkasi wake wa kazi, akafunga vitawi kwa uzi wa cherehani, akauweka kwenye bakuli la udongo. Ukafa. Wa pili ukafa. Wa tatu ukashika.

Majani ya mkwaju hujikunja giza linapoingia, na Chausiku aliligundua hilo kabla ya mumewe.

"Umelala," alimwambia Sabiti alipotoka kazini. "Ongea polepole."

Ile ndiyo miezi ambayo Zipora alikuwa akiisimulia baadaye, kwamba nyumba ile iliwahi kuwa na furaha.

Mwaka uliofuata mvua haikunyesha, na nzige wakaja. Walitua juani wakafunika kila kitu. Wakala nyasi za mapaa, wakala magome. Sabiti akaziba dirisha kwa turubai. Nzige hawakuingia, lakini ndani kukawa giza mchana kutwa, na mkwaju ukaanza kugeuka manjano. Walipopita, Sabiti akawa hana kazi nyingine ila mti ule. Asubuhi anautoa juani, mchana anaurudisha, jioni anafuta majani moja moja kwa kitambaa. Visima vya mchangani vilikuwa vikitoa maji ya matope, na katika mtungi mmoja aliowaletea Zipora, Sabiti alitenga kikombe cha mti.

"Bwana," Chausiku alimwita. "Tangu asubuhi umeushika huo mti. Mimi hujanishika."

"Nakuja. Niufute kwanza."

"Njoo ukae tu. Sitaki kitu."

"Nakuja, mke wangu."

Alimaliza kuufuta, na kwa kuwa jua lilikuwa limeinama akautoa tena nje.

Chausiku alipopata homa, majani ya mkwaju yalikuwa yanapukutika. Sabiti aliamini mizizi imejibana. Aliona kwamba akiikata upya mti utapona, na mkewe akiuona umepona naye atapata nguvu. Alichuchumaa uani, bakuli limepinduliwa, mkasi mkononi. Zipora alimwita kutoka ndani. Akaitika. Akamwita tena, akaitika tena. Mara ya tatu Zipora alitoka mwenyewe mpaka mlangoni.

"Acha, shemeji," alisema. "Acha sasa. Amekwenda."

Aliingia na udongo mpaka kwenye viwiko. Wanawake waliokuja kuosha maiti walimzuia asimguse kwa mikono ile.

Mama mkwe alifika na treni wakati kaburi limekwisha kukauka. Sabiti alimwamkia, naye akaitikia, wakakaa mkekani.

"Mwanangu alisema nini mwisho?" mama aliuliza.

Sabiti akamtazama Zipora.

"Aliomba aketishwe, mayu, mama yangu," Zipora akajibu. "Nikamketisha. Akauliza, bwana yuko wapi."

"Na wewe ulikuwa wapi?" mama akamgeukia mkwewe.

"Uani," Sabiti alisema.

Mama hakumlaumu. Alijifunika kanga kichwani, akaendelea kukaa.

Baada ya arobaini Sabiti alihama na cherehani yake, akafuata watu waliokuwa wakikimbilia dhahabu Geita. Alishona suruali za wachimbaji zilizochanika magotini. Huko kulikuwa na homa nyingi na vijana wengi wasio na ndugu, na kila mmoja wao alipougua, Sabiti aliacha kazi, akaenda kukaa kando yake mpaka afukuzwe. Wapo waliomwogopa, wakidhani anafuata kifo. Mchimbaji mmoja, Bujiku, aliyepona mikononi mwake, alimuuliza kama kukaa hivyo humpa yeye Sabiti nafuu ya moyo.

"Hapana," Sabiti alimwambia. "Kunywa uji, utapoa."